Uzi wa mifupa na viungo: kila mfupa usome pamoja na jirani zake

Kilegesambwa
Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mitihani ukikaribia naona vijana wanaombana humu orodha ya mifupa 206. Wakishaipata wanakariri kuanzia fuvu hadi vidole vya miguu, wanapita, halafu wakifika wodi ya mifupa wanaduwaa. Mgonjwa kaletwa mkono umevunjika, eksirei ipo, jina la mfupa wanalo, lakini waulize kwa nini kiganja kimelegea kinaning'inia. Kimya.

Kwa hiyo hapa sileti orodha. Nitachukua mifupa michache inayotuletea kazi kila siku, na kila mmoja tuulizie mambo matatu: nani anapita jirani yake, damu yake inaingilia wapi, na misuli gani inauvuta. Maswali ruksa. Nitaandika kwa vipande kwa sababu ya zamu.

Tuanze na humerasi, mfupa unaotoka begani hadi kwenye kiwiko. Neva tatu zinaugusa, kila moja mahali pake. Juu, chini kidogo ya kichwa cha mfupa, neva ya aksila inaizunguka shingo yake. Bega likiteguka au shingo hiyo ikivunjika, mguse mgonjwa ngozi ya nje ya bega, pale askari wanapobandika nembo ya kikosi. Pakiwa na ganzi, neva imeguswa. Andika kwenye faili KABLA hujalirudisha bega. Ukiandika baadaye, itaonekana umeiumiza wewe.

Katikati, upande wa nyuma, kuna mfereji unaoteremka kwa mshazari. Shika humerasi halisi, pitisha kidole gumba nyuma yake, utausikia. Humo neva ya radiali imelala juu ya mfupa wenyewe, haina mto. Mfupa ukivunjika hapo, mgonjwa hawezi kuinua kiganja kwenye kifundo wala kunyoosha vidole. Kwa wengi neva hiyo hurudi yenyewe baada ya miezi, ila mgonjwa asipoambiwa mapema atadhani amepooza. Chini kabisa, nyuma ya kinundu cha ndani cha kiwiko, inapita neva ya ulna, ile ambayo ukijigonga kwenye kona ya meza mshtuko unakimbilia kidole kidogo.

Mfupa mmoja, mahali patatu, dalili tatu tofauti. Ndiyo maana ya kichwa cha uzi.

Mtoto wa Mbeya
Nimekaa siti ya mbele mkuu. Mwaka wa pili hapa. Swali: vile vitundu vidogo kwenye mifupa mirefu mwalimu alituambia tuvijue vimeelekea wapi. Kuna faida gani au ni kuteswa tu?

Kilegesambwa
@Mtoto wa Mbeya swali zuri, na jibu lake ni refu kuliko unavyodhani.

Vitundu hivyo ni milango ya ateri inayolisha mfupa kutoka katikati, na vinaingia kwa mshazari. Kanuni yake ni hii: mkononi vinaelekea kwenye kiwiko, mguuni vinalikimbia goti. Chukua sindano laini, iingize kwenye kitundu cha fupaja, itaelekea juu, nyongani. Kwenye muundi goko itaelekea chini, kifundoni. Mifupa ya plastiki haina hicho kitundu, au imechorwa tu, kwa hiyo ukipata nafasi ya kushika mifupa halisi usiiache.

Sasa faida. Kitundu kinaelekea mbali na ncha inayokua zaidi. Maana yake mguu unarefuka hasa kwenye goti, na mkono unarefuka begani na kwenye kifundo cha kiganja. Karibu asilimia 70 ya urefu wa fupaja hutokana na bamba la ukuaji lililo upande wa goti. Ndiyo sababu mtoto akivunjika karibu na goti, ufa ukapita kwenye bamba hilo, tunamfuatilia miaka: mguu unaweza kubaki mfupi au ukakua kwa kupinda.

Na ndiyo sababu kijana wa miaka 14 mwenye uvimbe unaouma juu au chini ya goti, maumivu yanamwamsha usiku, hapewi dawa ya kuchua. Anapigwa eksirei siku hiyo hiyo. Saratani ya mfupa ya vijana hupenda kuanzia hapo, kwenye ncha zinazokua haraka. Usaha wa mfupa kwa watoto nao huanzia jirani na bamba hilo, kwa kuwa mishipa ya damu pale inapiga kona kali, damu inapunguza mwendo, bakteria wanatulia.

Nyongeza kidogo kwa wapenda historia: yule kijana wa Turkana, mifupa ya kale aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome, Kenya, ana umri wa takribani miaka milioni 1.5, na watafiti walijua alikuwa bado anakua kwa kutazama meno yake pamoja na mabamba hayo hayo, ambayo yalikuwa hayajafunga. Eksirei ya kiwiko cha mtoto unaisoma kwa akili ile ile.

Mama Ruu
Samahanini, mimi si daktari. Mwanangu ana selimundu, ana miaka 11. Wiki kadhaa sasa anachechemea, analalamika goti. Tumepiga picha ya goti wanasema safi. Nimeona mmetaja goti nikaona niulize.

NesiWaZamu
Mama Ruu pole sana. Subiri mwenye uzi, lakini rudi naye kliniki usingoje.

Kilegesambwa
@Mama Ruu pole mama. Siwezi kumtibu mtoto kwa maandishi, ila kuna jambo moja nakuomba uliseme kwa daktari ukifika: aipime nyonga yake, na picha ipigwe ya nyonga zote mbili.

Sababu ni hii, na wanafunzi msikilize maana ni swali la mtihani. Nyonga na goti vinagawana neva, ile ya obturata na ile ya fupaja. Nyonga ikiugua, ubongo mara nyingi unasoma maumivu gotini. Mtoto yeyote anayechechemea na kushika goti, goti likaonekana zima, hajapimwa bado mpaka umeizungusha nyonga. Mlaze chali, kunja nyonga na goti, kisha zungusha mguu kwa ndani. Akikunja uso au nyonga ikigoma, umepata.

Kuhusu selimundu: kichwa cha fupaja ni tufe lililokaa ndani kabisa ya kikombe cha nyonga, limefunikwa gegedu karibu lote, na gegedu haipitishi mishipa ya damu. Damu inalifikia kwa vishipa vyembamba vinavyopanda juu ya shingo ya mfupa, vingi vikitokana na ateri moja inayozunguka kwa ndani ya paja. Njia mbadala ni hafifu mno. Chembe zenye umbo la mundu zikiziba vishipa hivyo, sehemu ya kichwa inakufa, kisha inabonyea taratibu kwa uzito wa mwili. Ikigundulika mapema kuna mambo ya kufanya, kuanzia kumpunguzia uzito kwa magongo. Akianza homa pamoja na maumivu hayo, au akashindwa kabisa kukanyaga, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa sababu wenye selimundu hupata pia usaha wa mfupa kwa urahisi.

Mama Ruu
Asante sana daktari. Jumatatu tunakwenda.

Mtoto wa Mbeya
Kumbe! Na bibi zetu wakianguka bafuni wakavunjika nyonga ni hicho hicho?

Kilegesambwa
Mlango ule ule. Bibi ameanguka, mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Swali la kwanza si kwamba kavunjika, hilo analiona hata mjukuu. Swali ni kavunjika ndani au nje ya mfuko wa kiungo.

Ndani, yaani kwenye shingo yenyewe, vile vishipa vinachanika, kichwa kinabaki hakina damu. Kwa mzee ufa umeachana, mara nyingi tunatoa kichwa hicho na kuweka cha chuma. Nyonga bandia ya kisasa ilikomazwa na John Charnley wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nje ya mfuko, pale kwenye vinundu viwili vikubwa, kuna mfupa wa sponji wenye damu tele. Hapo unaunga vizuri ukishikiliwa na chuma. Sentimita chache tu kati ya mvunjiko mmoja na mwingine, na upasuaji ni mwingine kabisa.

Fupaja likivunjika katikati, jiandae kwa damu. Paja linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu bila tone kuonekana nje. Likivunjika juu, misuli ya nyonga inakunja kipande cha juu kwenda mbele na nje. Likivunjika chini karibu na goti, msuli wa kigimbi unavuta kipande cha chini kwenda nyuma, na nyuma pale ndipo ateri ya mguu inapopita. Umeona kwa nini nasema usome na jirani? Paja la juu unahangaika na umbo, paja la chini unahangaika na mapigo ya damu unyayoni.

Kisiki
Haya yote mazuri ila mnasahau waganga wetu wa kuunga mifupa. Babu yangu aliunga watu kijiji kizima kwa vijiti na mafuta, hakuna aliyekatwa mguu. Hospitali unakaa mwezi unavutwa mguu kwa mizigo, mwisho unapewa bili. Mimi mtulinga wangu ulivunjika nikaenda kwa mzee mmoja, wiki sita nikarudi kulima.

NesiWaZamu
@Kisiki nakuheshimu kaka lakini njoo wodini kwetu uone watoto wanaoletwa vidole vimekuwa vyeusi.

Kisiki
Na hospitali hamna mnaowaharibu?

Kilegesambwa
Msigombane. Wote mna hoja, na anatomia ndiyo mwamuzi.

Mtulinga unaunga hata ukifungiwa kitambaa cha shingo tu. Una damu ya kutosha, na mara nyingi unavunjika theluthi ya kati. Msuli wa shingo unanyanyua kipande cha ndani, uzito wa mkono unashusha cha nje, unabaki na kinundu, maisha yanaendelea. Kwa hiyo @Kisiki mzee wako alifanya kazi safi, na mimi pengine nisingefanya zaidi ya yeye, labda iwe vipande vimeachana sana. Waganga wengi wazoefu wanajua vizuri mfupa umenyooka au la kwa kupapasa tu. Hilo sibishi.

Shida ni kiwiko cha mtoto. Mtoto wa miaka sita kaanguka kwenye mwembe, akajikinga kwa mkono ulionyooka. Humerasi inavunjika juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mfupa ni mwembamba kwa sababu ya mashimo mawili, la mbele na la nyuma. Kipande cha juu kinachongoka kwenda mbele, na mbele pale ndipo ilipo ateri ya mkono na neva ya kati. Mkono unavimba. Sasa mfunge vijiti na kitambaa kizunguke chote, ukaze, umwambie avumilie. Misuli ya mkono inakosa damu, inakufa, inageuka kovu, na vidole vinajikunja milele. Ulemavu huo una jina la Volkmann, daktari wa Ujerumani aliyeueleza karne ya 19. Na P.O.P (plasta ngumu ya hospitali) iliyobana inafanya vile vile, kwa hiyo hospitali hatuna cha kujivunia tukimfunga mtoto tukamruhusu bila kumwambia mama arudi vidole vikivimba au mtoto akilia bila kunyamaza.

Mtoto aliyefungwa anayelia kupita kiasi: fungua kwanza. Uliza baadaye.

NesiWaZamu
Hilo la kufungua kwanza liandikwe ukutani.

binti_ngamiani
Mada ya bodaboda lini mkuu? Kaka yangu ana antena mguuni (vile vyuma vya nje), mwezi wa nne huu. Kila kliniki wanasema bado haujaunga. Nyumbani wameanza kusema karogwa.

Kilegesambwa
@binti_ngamiani hajarogwa dada. Amevunjika mfupa mgumu kuunga.

Papasa muundi wako sasa hivi, upande wa mbele ndani. Ngozi, halafu mfupa. Hakuna nyama katikati. Kwa hiyo muundi goko ukivunjika kwenye pikipiki, ncha yake inatoboa ngozi kirahisi, na vumbi na mafuta ya barabarani yanaingia. Hapo saa za kwanza ndizo zinazoamua: dawa ya kuua bakteria mapema iwezekanavyo, kisha kuosha kwa maji mengi na kukata kila nyama iliyokufa. Vyuma vya nje vinawekwa kwa kuwa kuingiza chuma kwenye kidonda kichafu ni kualika usaha.

Ugumu wa pili ni damu. Ateri ya ndani ya mfupa inaingilia juu, nyuma. Misuli, ambayo nayo hulisha mfupa kupitia ngozi yake ya nje, ipo tele juu lakini kuelekea kifundoni inageuka kano tupu. Theluthi ya chini ya muundi goko ina chakula kidogo, na ikiwa ajali ilichana ngozi na kukata ateri ya ndani, kinabaki kidogo zaidi. Miezi minne kwa mvunjiko uliotoboa ngozi si ajabu, wengine hufika sita na zaidi. Mambo ambayo kaka yako anayaweza: aache sigara kabisa kama anavuta, ale dagaa, maziwa, maharage, na akanyage kiasi walichomruhusu, maana mfupa unaotumika ndio unaojijenga. Akitoa usaha kwenye tundu za vyuma au akipata homa, asisubiri tarehe ya kliniki. Ikionekana umegoma kabisa, zipo njia, ikiwemo kupandikiza mfupa kutoka kwenye nyonga yake mwenyewe.

Kwa wanafunzi, muundi una hatari nyingine inayopita kimya. Misuli ya chini ya goti imegawanywa vyumba vinne: mbele, kando, nyuma juujuu na nyuma ndani. Kuta zake ni utando mgumu usiotanuka. Damu ikivujia ndani ya chumba, shinikizo linapanda hadi vishipa vidogo vinafunga, na baada ya takribani saa sita misuli inaanza kufa. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimnyoosha vidole vya mguu taratibu. Kisha ganzi kati ya kidole gumba na cha pili, kwa kuwa neva ya chumba cha mbele inaishia hapo. Mapigo ya damu unyayoni yanaweza kuwepo muda wote! Shinikizo linaloua misuli ni dogo kuliko linaloziba ateri kubwa. Nimesikia mara nyingi mtu akisema "mapigo yapo, mgonjwa anadeka." Huyo anayedeka anahitaji kupasuliwa vyumba vyote vinne usiku huo.

binti_ngamiani
Asante. Sigara anavuta, na kwa siri. Leo nitamsomea hii kwa sauti.

Mlima Meru
Huku kwetu Maji ya Chai kuna watu miguu imepinda tangu utotoni, na meno ya kahawia. Hiyo nayo ni kukosa damu?

Kilegesambwa
Hapana, hiyo ni floridi ya majini. Miamba ya volkano ya huko inaitoa kwa wingi, kupita sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Inaingia kwenye madini ya mfupa unaokua: meno yanabadilika rangi, mifupa inakuwa mizito lakini haina unyumbufu, na kwa watoto miguu inapinda. Ukiwa mkubwa hairudi. Dawa yake ni maji mengine kwa mtoto mdogo, na kupunguza magadi kwenye chakula, maana nayo yana floridi.

Mtoto wa Mbeya
Mkuu usisahau kifundo cha mkono, nasikia skafoidi, kale kamfupa ka upande wa kidole gumba, hawaachi kuuliza.

Kilegesambwa
Haraka haraka basi. Nyoosha kidole gumba juu, utaona kishimo kwenye kitako chake. Bonyeza humo: chini yake ni skafoidi. Kijana kaangukia kiganja, kishimo kinauma, eksirei safi. Usimwachie. Mfunge, mrudishe baada ya siku 10 hadi 14 upige tena, kwa sababu ufa wake mara nyingi hauonekani mwanzoni. Damu ya mfupa huu inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati, nusu ya upande wa kiwiko inabaki na njaa. Ni kichwa cha fupaja kwa mara nyingine, ila kidogo kama korosho.

Na uti wa mgongo neno moja tu: mtu mzima ana maumivu ya mgongo wa kati, kakonda, homa za jioni, kibyongo kilichochongoka. Fikiria kifua kikuu. Percivall Pott, daktari wa Uingereza, aliueleza mwaka 1779 na bado tunauona. Unakula pingili upande wa mbele, ndiyo maana mgongo unakunjika kwenda mbele. Uliza miguu kama ina nguvu, na kama anajisikia mkojo.

Mtoto wa Mbeya
Ya mwisho kabla sijalala. Kesho kutwa nina spoti, ule mtihani wa kutambua mifupa mezani. Fibula, mfupa mwembamba kando ya muundi! Naijua kwa jina, lakini wakiniwekea mezani wakaniuliza ya kulia au kushoto nakufa.

Kilegesambwa
Wengi wanaifia hiyo. Usihangaike na mwili wake mwembamba, utakudanganya. Nenda kwenye ncha. Moja ni butu na imechongoka kidogo kwa juu, hicho ni kichwa. Nyingine imebapa, hicho ndicho kinundu cha nje cha kifundo cha mguu: kielekezee chini. Kwenye kinundu hicho tafuta uso laini wa pembetatu, unakaa upande wa ndani wa mguu. Nyuma yake kuna kishimo ambacho kidole kinazama. Kishimo hicho huwa nyuma daima.

Sasa jaribu: umeshika fibula, kinundu kiko chini, kishimo kinakutazama wewe, uso laini umeelekea mkono wako wa kushoto. Ya mguu gani?

Mtoto wa Mbeya
Uso laini ni upande wa ndani, ndani iko kushoto kwangu… ya kulia.

Kilegesambwa
Ya kulia. Sasa chukua mtulinga.